Bibi Atufundisha Ufinyanzi kwa Simu

Ndugu msomaji, bila shaka unaukumbuka mwezi wa Machi mwaka 2020. Tarehe 11 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba ugonjwa wa korona umekuwa janga la dunia nzima. Tarehe 16 Waziri wa Afya alitutangazia mgonjwa wa kwanza hapa Tanzania, na kesho yake Serikali ikafunga shule. Sisi akina mama tulijikuta na watoto nyumbani, hatujui watarudi darasani lini. Wengi tulihangaikia chakula na masomo yao. Mwenzenu nilikuwa na hangaiko la tatu, kwa kuwa mimi ni muuguzi.

Nafanya kazi katika hospitali moja jijini Mbeya. Miezi ile tulipokea wagonjwa waliobanwa na pumzi, na kwa kuwatazama tu hukuweza kujua nani ana korona na nani ana nimonia ya kawaida. Nilipotoka zamu niliingia nyumbani kwa mlango wa nyuma, nikaloweka sare yangu katika ndoo ya maji ya sabuni, nikaoga kabla ya kumsalimia mtu. Nililala chumba cha peke yangu. Mume wangu ni dereva wa lori, na muda mwingi alikuwa safarini. Binti yetu alikuwa na miaka 15, kidato cha pili. Mdogo wake wa kiume alikuwa na miaka tisa. Kwa wiki nyingi watoto hawa walinisalimia wakiwa mlangoni, nami nikiwa uani.

Tena kulikuwa na mama yangu mzazi. Yeye anaishi kando ya Ziwa Nyasa, karibu na Matema, wilaya ya Kyela. Mwaka ule alikuwa na miaka 74, na shinikizo la damu alikuwa nalo tangu zamani. Barabara ilikuwa wazi na mabasi yalikwenda, lakini ningepanda basi kwa moyo gani, nikitoka wodini? Nikaamua kwamba simkaribii mama hadi ugonjwa upungue.

Kazi ya mama

Sisi ni Wakisi. Aliyewahi kufika Matema atakuwa ameona vyungu vyetu vimepangwa ufukoni, chini ya Milima ya Livingstone. Wanawake wa Ikombe na vijiji jirani wamefinyanga vyungu tangu enzi za mababu. Nilipokuwa mtoto tulivipakia katika mitumbwi kuvipeleka kwenye soko la Lyulilo siku ya Jumamosi, na wachuuzi wakavichukua hadi Kyela, Tukuyu na Mbeya. Kwa vyungu hivyo mama alinisomesha.

Mama alizaa mabinti watatu, na hakuna hata mmoja aliyeshika kazi yake. Mimi nilikwenda shule ya bweni nikiwa mdogo, kisha chuo cha uuguzi. Dada zangu waliolewa mbali na ziwa. Mama hakulalamika hata siku moja. Alisema alifinyanga udongo ili sisi tushike kalamu.

Mwezi wa Aprili nilimpigia simu kumjulia hali. Akaniambia wachuuzi wamekuwa wachache sokoni, na vyungu vyake vya wiki mbili bado viko ndani. Nikamwambia nitamtumia pesa kidogo. Akakataa. "Mwanangu, mimi si mgonjwa wala si kilema. Pesa ya kukaa bure inaninyima usingizi." Nilimbembeleza, wapi! Mama yangu akishasema, amesema.

"Ng'ombe hachoti maji"

Jambo lenyewe lilianzishwa na kijana wangu wa miaka tisa. Nyuma ya nyumba yetu majirani huchimba udongo wa kufyatulia matofali. Yeye alikuwa akiuchota na kutengeneza ng'ombe na magari. Siku moja baada ya kumwamkia bibi yake kwa simu, bibi akamwuliza anacheza nini.

"Nafinyanga ng'ombe, bibi."

"Mume wangu," bibi akamjibu, kama mabibi wanavyowatania wajukuu, "ng'ombe wa udongo hachoti maji wala hapikiwi. Finyanga kitu kitakachomfaa mkeo."

Tulicheka sana. Lakini binti yangu, ambaye kwa siku nyingi alikuwa amejifungia chumbani na hasemi na mtu, akauliza, "Bibi, unaweza kutufundisha kwa simu?" Mpwa wangu kijijini alikuwa na simu ya kuonyesha picha. Tukapatana awe anakwenda kwa mama saa kumi na moja jioni, Jumanne na Alhamisi, amshikie simu.

Somo la kwanza lilitushinda wote. Mama alikaa chini, akaweka donge la udongo juu ya kigae cha chungu kilichovunjika, akaanza kukizungusha kwa mkono mmoja huku mkono wa pili ukipandisha ukuta. Alifanya kimya. Alipokumbuka kuwa tunamtazama alisema, "Hivi." Kisha, "Halafu hivi." Mara mtandao ukakwama, na picha ikasimama mikono yake ikiwa hewani.

Picha iliporudi, binti yangu akauliza, "Bibi, hivi vipi?"

Mama alinyamaza kitambo. Akasema, "Hakuna aliyewahi kuniuliza hivyo. Mimi nilikaa karibu na mama yangu, mikono yangu ikafuata ya kwake. Maneno hayakuwapo." Akatuomba tumwache hadi Alhamisi afikiri.

Siku ya Alhamisi alikuja na maneno. Udongo uliokandwa vizuri, alisema, uwe laini kama ncha ya sikio lako. Shika sikio, kisha shika udongo, ulinganishe. Ukuta wa chungu uwe mnene kama kidole chako cha mwisho. Ukitaka kuongeza udongo juu, ukuta wa chini uwe umeshupaa kama ugali uliolala, ama sivyo utaketi. Alikuwa amekaa siku mbili akifinyanga na kujiuliza mikono yake inajua nini. Tangu siku hiyo alitutumia sauti kwa WhatsApp, kwa sababu sauti hupita hata mtandao ukiwa dhaifu, na bando lake ni nafuu kuliko la video. Binti yangu aliyanakili yote nyuma ya daftari lake la hisabati.

Ada ya mwalimu

Wiki ya pili nilimpigia mama peke yangu. Nikamwambia, "Mama, kila mwalimu ana ada. Wanafunzi wako watatu watalipa shilingi 5,000 kwa wiki."

"Wanafunzi wangu ni wawili. Wa tatu ni nani?"

"Ni mimi, mama."

Alicheka hadi akakohoa, nami kwa mazoea ya kazi nikamwuliza kikohozi kimeanza lini. Akanijibu kimeanza hapo hapo kwa sababu yangu. Lakini ada aliipokea. Kila Ijumaa niliituma kwa simu, na ilipochelewa alituma mtu kukumbusha! Ile ilikuwa ndiyo pesa niliyotaka kumpa tangu mwanzo, ila sasa ilikuwa jasho lake. Ndugu msomaji, wazee wetu wengi wako hivi. Hukataa msaada, lakini ukiwapa kazi inayowastahili hupokea kwa furaha.

Udongo, kivuli na moto

Nitaeleza kwa ufupi tulivyofanya, labda nawe utapenda kujaribu. Si kila udongo unafaa. Chukua kidogo, uloweshe, uviringishe uwe kamba nene kama kidole, kisha uizungushe kidoleni. Ukikatika au ukijaa nyufa, tafuta mwingine. Udongo wetu wa matofali ulikuwa na mchanga mwingi, tukaambiwa tushuke bondeni, tukaupata mweusi unaonata. Tuliukausha, tukautwanga, tukatoa mawe na mizizi, tukauloweka siku nne. Kisha tulichanganya unga wa vigae vilivyosagwa. Vigae hupunguza kusinyaa udongo unapokauka, na huusaidia kustahimili moto. Baada ya hapo ni kukanda kama unga wa maandazi hadi mapovu ya hewa yaishe.

Mwanafunzi asianze na chungu. Bibi aliwaanzisha na bakuli dogo: tengeneza donge kama chungwa, toboa katikati kwa kidole gumba, kisha bana ukuta taratibu huku ukizungusha. Baadaye ndipo wakajenga kwa kamba za udongo, moja juu ya nyingine, wakizishikanisha kwa kidole ndani na nje. Kusawazisha tulitumia gunzi la mahindi na kipande cha kibuyu. Chungu kikishupaa kidogo, husuguliwa kwa jiwe laini la mtoni hadi king'ae.

Ukaushaji ndio uliotupa fundisho kubwa. Mama alisema siku saba kivulini zinatosha. Tukahesabu siku saba. Mwishoni mwa Mei tukavichoma uani, mimi nikiwa na siku ya mapumziko, na simu ikiwa wazi ili bibi asikie. Kabla kuni hazijashika vizuri, vyungu vikaanza kulia pu! pu! kama bisi kubwa. Vinne kati ya sita vilipasuka. Mdogo wa kiume alilia machozi. Bibi akauliza kwa simu, "Huko kwenu jua liko?" Tukamwambia mawingu na baridi siku zote. Akapiga makofi ya mshangao. Ziwa Nyasa liko chini, mita 500 hivi kutoka usawa wa bahari, na kwake ni joto. Mbeya iko juu, mita 1,700 hivi, na Mei na Juni ni baridi ya kuvaa sweta. Siku zake saba hazikuwa siku zetu saba. Maji yaliyobaki ndani ya udongo yaligeuka mvuke, mvuke ukakosa pa kutokea, chungu kikapasuka.

Kuanzia hapo bibi aliacha kuhesabu siku. Alitufundisha kipimo cha shavu: weka chungu shavuni, kikiwa cha baridi bado kina maji. Tulivikausha wiki mbili, kisha jioni mbili tukaviweka kando ya jiko la mkaa. Siku ya kuchoma tulivipasha kwanza kuzunguka moto mdogo, tukivigeuzageuza, ndipo tukavifunika kwa kuni, maganda ya miti na nyasi kavu. Mara hii vyungu saba kati ya tisa vilitoka salama. Bibi alitaka tuvigonge kwa kifundo cha kidole karibu na simu. Kilichoiva hulia kama kengele ndogo. Chenye ufa hutoa sauti nzito. Alisikiliza kimoja kimoja, akasema, "Hicho. Hicho. Hicho kina ufa, tafuteni." Tukautafuta, na kweli, ulikuwapo chini ya mdomo wake.

Kilichotokea nyumbani mwetu

Katika umoja wa wanawake kanisani kwetu tumesoma mara nyingi habari za nabii Yeremia kutumwa nyumbani kwa mfinyanzi, akaona jinsi kazi iliyoharibika inavyoanzwa upya. Nilidhani naifahamu vizuri. Lakini binti yangu alimwuliza bibi swali ambalo sikuwa nimeliwaza: udongo mbichi huloweshwa ukaanza upya, je, chungu kilichokwisha kuchomwa kikavunjika? Bibi akasema hicho hakirudi kuwa udongo, lakini husagwa kikatiwa katika udongo mpya, nao huwa imara kwa sababu yake. Wiki ile tulikuwa tumepoteza wagonjwa watatu wodini. Nilikaa na jibu hilo usiku kucha.

Watoto walikuwa na ubao wao upande mmoja wa uani, nami nilikuwa na ubao wangu upande wa pili, hatua nne katikati. Sikuweza kuwashika, lakini tulishika kitu kimoja. Binti yangu alianza kuzungumza, mikono ikiwa na kazi. Aliniambia mambo ya shule, ya rafiki zake, na hofu yake kwamba ningekuja nyumbani siku moja nikiwa mgonjwa. Asingenieleza hayo tukiwa tumeketi tukitazamana.

Alisoma pia habari za wafinyanzi wengine, akawa anamsimulia bibi. Alimweleza juu ya Ladi Kwali wa Nigeria, mwanamke aliyejifunza ufinyanzi wa mkono kijijini akajulikana hadi Ulaya na Marekani, na picha yake imewekwa kwenye noti ya naira 20. Akamweleza juu ya Magdalene Odundo, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1950, akaenda Nigeria miaka ya 1970 kujifunza katika kituo alichofanyia kazi Ladi Kwali, na mwaka ule ule wa 2020 akatunukiwa cheo cha Dame nchini Uingereza. Bibi alisikiliza hadi mwisho. "Mfinyanzi yuko kwenye pesa?" akauliza. "Kwetu husema mfinyanzi hulia gaeni. Kumbe kuna nchi wamemtoa kwenye gae." Jumamosi iliyofuata, mpwa wangu alinieleza, mama aliwasimulia wenzake sokoni habari zote hizo.

Mwezi wa Juni binti yangu akawa mwalimu naye. Rafiki zake wawili, kila mmoja nyumbani kwao, walitaka kujifunza. Nilimsikia akiongea na simu: "Shika sikio lako. Sasa shika udongo." Alikuwa hajui kuwa nimesimama nyuma yake. Tarehe 29 Juni shule zilifunguliwa, naye akarudi darasani na daftari lake la hisabati, mbele hesabu, nyuma vyungu.

Ushauri wa muuguzi

Mama mwenzangu, ukitaka kuanza nyumbani, zingatia haya. Kwanza, vumbi la udongo mkavu ni baya kwa mapafu. Twanga nje, funika pua na mdomo, na usifagie sakafu kavu. Futa kwa kitambaa chenye maji. Pili, choma mahali pa wazi, mbali na nyumba, watoto wakae upande usio na moshi. Tatu, chungu cha chakula au maji kisipakwe rangi ya mafuta wala rangi usiyoijua. Nne, chungu kipya chemshia kwanza uji mwepesi, ili wanga uzibe vitundu vyake. Tano, mtungi hupoza maji kwa sababu maji kidogo hupenya ukuta na kukauka nje, lakini hauui vijidudu. Chemsha maji yapoe, ndipo uyatie mtunginimo, ufunike, na uyatoe kwa kumimina au kwa kata yenye mpini, si kwa kutumbukiza kikombe.

Mkono na maneno

Mwezi wa Novemba mwaka 2022 mama alipatwa na kiharusi. Nilichukua likizo nikamwuguza. Ulimi ulikuwa mzito kwa wiki chache, kisha maneno yakarudi. Mkono wa kulia haukurudi. Alikuwa akiutazama umelala juu ya mapaja yake kama kitu cha mtu mwingine.

Desemba binti yangu alimfuata bibi yake. Akaketi chini karibu naye, akaweka donge juu ya kigae, akaanza kuzungusha. Mama alimtazama muda mrefu. Kisha akasema polepole, "Ukuta huo umelegea. Uache ushupae kama ugali uliolala." Binti akauacha. Jioni ile mama alikula chakula chote, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu augue.

Tangu hapo mama amefundisha mabinti wawili wa jirani. Haonyeshi kwa mkono, kwa kuwa hawezi. Anakaa kwenye kigoda na kuwaambia, kwa maneno yale yale aliyoyatafuta siku mbili mwaka 2020 kwa sababu wajukuu walikuwa mbali na mtandao ulikuwa mbovu. Kama asingeyatafuta wakati ule, angeyapata wapi sasa?

Ndugu msomaji, pengine katika ukoo wenu yuko mama au shangazi anayejua kusuka ukili, kutambua dawa ya tumbo la mtoto, kuhifadhi mboga za kiangazi au kufinyanga. Akikuonyesha, usiridhike kuitikia tu. Mwulize, "Hivi vipi?" Mpe siku mbili afikiri. Andika anayosema, au yahifadhi kwenye simu yako, na mlipe ada yake bila kuchelewa. Wahenga walisema udongo uwahi ungali maji. Ukikauka, hata mfinyanzi hodari hawezi kuupinda.

Mungu awape wazee wetu siku nyingi, na atupe sisi masikio ya kuwasikiliza.